Mistari aliyoiruka Sydney Pollack

Mhariri,

Nimefuatilia majibizano ya wasomaji wako kuhusu filamu ya Out of Africa, ile inayosimulia maisha na mapenzi ya Karen Blixen, mlowezi kutoka Denmark aliyekuwa na shamba la kahawa hapa Kenya, nami naomba nafasi niseme langu. Upande mmoja umeisifu kwa milima, simba na machweo. Upande wa pili umeitupilia mbali kwa neno moja, ukoloni, kisha ukanyamaza. Pande zote mbili zimemsahau mtu aliyekuwa nyuma ya kamera akiamua nini kionekane na nini kiachwe nje. Mtu huyo ni Sydney Pollack, mwelekezi Mmarekani, na filamu yake hiyo ya 1985 ilitunukiwa Oscar saba, moja ikiwa ya uelekezi. Kazi yenye uzito huo yafaa isomwe kama tunavyosoma riwaya nzuri, kwa utulivu na kwa kalamu mkononi.

Nilifundisha Fasihi ya Kiswahili katika shule za upili hadi nilipostaafu, na makazi yangu ni hapa Ngong, chini ya vilima vile vile vinavyotajwa mwanzoni mwa filamu. Nimeitumia filamu hii darasani mara nyingi, ingawa haimo katika silabasi. Mwanafunzi anayehangaika kuelewa nafsi ya usimulizi, ukimwonyesha dakika kumi za mwanzo, sauti ya yule mwanamke mzee akikumbuka kwamba aliwahi kuwa na shamba Afrika, ataelewa mara moja kwamba kila kitakachofuata kinapita katika jicho la mtu mmoja. Hapo nusu ya kazi ya mwalimu imekwisha. Nusu ya pili ni kumuuliza: na wale wengine, je, wangesimulia nini?

Kwanza nimpe mwelekezi haki yake.

Kitabu alichokabidhiwa si cha mapenzi. Karen Blixen, ambaye jina lake la uandishi ni Isak Dinesen, alikichapisha mwaka 1937, nacho pia kinaitwa Out of Africa, na ndani yake hamna kisa cha mwanamume na mwanamke chenye mwanzo, kilele na mwisho. Mna risasi iliyofyatuka kwa bahati mbaya shambani, mna paa mchanga aliyeitwa Lulu, mna ngoma, nzige, wageni waliopita, na kesi walizoamua wazee. Mumewe Bror hana nafasi humo. Denys Finch Hatton, mwindaji Mwingereza, yumo, anakuja na kuondoka, lakini mwandishi hatamki kokote kwamba walikuwa wapenzi. Pollack na mwandishi wake wa mswada, Kurt Luedtke, ilibidi wakatafute kwingine yale ambayo Karen mwenyewe aliyafunika: katika wasifu ulioandikwa na Judith Thurman na katika kitabu cha Errol Trzebinski kuhusu Denys. Huko ndiko walikopata ndoa ya 1914 iliyofungwa kwa makubaliano zaidi kuliko mahaba, kaswende aliyoambukizwa na mumewe, na mpenzi asiyependa kuulizwa atarudi lini.

Lakini habari ni kitu kimoja na msuko ni kitu kingine. Habari za miaka kumi na saba zinaweza kumwagika kama nafaka gunia likipasuka. Pollack alizikusanya zote chini ya swali moja: mtu anaweza kumiliki nini? Mtazame Karen anavyoletwa kwetu. Anashuka na masanduku yake, na vyombo vyake vya kaure vya Limoges, na mara tu anapokanyaga nchi anahofia visivunjike. Kila anachokitaja ni chake: shamba langu, vyombo vyangu, Wakikuyu wangu. Anataka mume aliye wake, kisha mpenzi aliye wake. Denys anamsikiliza, halafu anamwambia kwamba hayo ni mengi mno kwa mtu mmoja kuyamiliki, na kwamba hapa hakuna mwenye mali, sote tunapita tu. Kuanzia hapo kila onyesho ni hatua moja ya kumvua Karen kitu fulani: mume, afya, mavuno, shamba, Denys. Mwisho anabaki na kumbukumbu peke yake, na kumbukumbu ndiyo filamu yenyewe. Huo ni ufundi, na nasema hivyo bila kumumunya maneno.

Nataka nikae kidogo kwenye onyesho moja ambalo watu wengi wanalikumbuka bila kujua kwa nini. Wako safarini, kando ya mto. Karen ameketi, kichwa amekilaza nyuma, macho ameyafumba. Denys anamwosha nywele. Anazisugua povu, anachukua maji, anayamimina polepole, na muda wote anakariri shairi la Coleridge kuhusu baharia mzee. Hawabusiani. Hakuna hata tamko la mapenzi. Kuna mikono, maji na mashairi, na mtazamaji anajua tayari kwamba hawa wawili wamependana kuliko ambavyo maneno yoyote yangesema. Wazalishaji wa filamu zetu za mapenzi, ambao hudhani lazima mtu apige magoti na kulia ndipo tuamini anapenda, walitazame onyesho hili tena na tena.

Kuna jambo jingine humo. Katikati ya kukariri, Karen anamkatiza: unaruka mistari. Denys anamjibu kwamba yeye huacha sehemu zinazochosha. Kisha anaendelea na mistari ya karibu na mwisho, ile isemayo kwamba aombaye vyema ni yule apendaye vyema, mtu na ndege na mnyama. Sasa panda Ngong hadi lilipo kaburi la Finch Hatton. Utakuta mnara wa mawe uliosimamishwa na ndugu yake, na kwenye bamba lake pameandikwa maneno hayo hayo. Pollack aliyatoa kaburini akayatia kinywani mwa mtu aliye hai, anayecheka, mwenye povu la sabuni mikononi. Darasani tunakiita kiangazambele, yaani dokezo la mapema la litakalotokea, na mara nyingi wanafunzi hukitafutia mifano ya ndoto na bundi. Hapa kipo ndani ya mchezo wa wapenzi, na mtazamaji wa mara ya kwanza hawezi kukishtukia.

Mazishi nayo yamepangwa kwa mkono huo huo. Karen anasoma shairi, anasema kwamba Denys hakuwa wetu, hakuwa wangu. Mtu aliyeanza filamu akisema "wangu" juu ya kila kitu, sasa ameifikia kauli hiyo kwa uchungu. Anachota udongo ili autupe kaburini kama ilivyo desturi ya kwao. Mkono unakataa. Anageuka na kuondoka na udongo wake kiganjani. Meryl Streep anaifanya kazi hiyo bila kutoa chozi la kuonyeshwa watu, na mwelekezi amemwacha afanye, hakumharakisha.

Yapo makosa ya kihistoria ambayo baadhi ya wasomaji wako wameyashikilia sana, nami naona hayana uzito. Denys wa kweli alikuwa Mwingereza aliyepoteza nywele mapema na kupenda kofia. Robert Redford, aliyemwigiza, alikuwa na nywele za kutosha watu wawili, tena alizungumza Kimarekani, kwa sababu Pollack alimwambia aache kuigiza lafudhi ya Kiingereza akiogopa itawasumbua watazamaji waliomzoea. Moto ulioteketeza kiwanda cha kahawa ulitokea 1923, miaka minane kabla Karen hajaondoka. Filamu imeusogeza mbele uwe pigo la mwisho. Beryl Markham, rubani ambaye naye alikuwa na uhusiano na Denys, amebadilishwa jina na kufanywa msichana wa pembeni. Simba waliofunzwa walisafirishwa kutoka California. Sawa. Filamu ya maisha ya mtu si daftari la mahakama. Mwelekezi ana ruhusa ya kusogeza mwaka, mradi asisogeze ukweli wa jambo lenyewe.

Ukweli wa jambo lenyewe ndipo ugomvi wangu na Pollack ulipo.

Nirudi kwenye ile kauli ya Denys, kwamba sisi si wenye mali, tunapita tu. Filamu inaitukuza kama hekima. Muziki wa John Barry unaiinua, na Karen anakuja kuikubali. Lakini kauli hiyo inasemwa wapi, na lini? Inasemwa katika nchi ambayo mwaka 1915 sheria ya ardhi ya serikali ya kikoloni iliwafanya wenyeji kuwa wapangaji juu ya udongo wao wenyewe, huku mlowezi akiruhusiwa kukodi kwa miaka 999. Mtu hapangi kupita akiandikishiwa miaka 999. Na Denys mwenyewe alikuwa mwindaji wa pembe za ndovu na kiongozi wa safari za matajiri; mwaka 1928 alimwongoza mrithi wa ufalme wa Uingereza. Mwelekezi aliyejenga filamu nzima juu ya swali la umiliki alilifikisha swali hilo kwenye kitanda, kwenye vyombo vya kaure na kwenye kaburi. Alipofika kwenye shamba, alisimama.

Si kwamba hakuwa na vifaa. Kitabu chenyewe kilimpa. Karen anaandika kwamba alikuwa na ekari elfu sita, na kwamba karibu ekari elfu moja zilikuwa mashamba ya maskwota, yaani wenyeji waliokaa na kulima humo. Halafu anaongeza jambo ambalo kila nikilisoma nasimama: kwamba huenda wao waliuona uhusiano huo kwa namna tofauti, kwa kuwa wengi walizaliwa pale na baba zao kabla yao, na yamkini walimhesabu yeye kuwa skwota wa cheo cha juu kwenye ardhi yao. Mlowezi mwenyewe amekiri, kwa kalamu yake, kwamba mpangaji ni yeye. Hebu fikiria mstari huo ungewekwa mahali pa kauli ya Denys. Ungelibeba swali la Pollack hadi mwisho wake, tena kwa kutumia maneno ya mhusika wake mkuu. Ukaachwa.

Na hao maskwota walipitaje siku zao? Sheria ya 1918 iliwataka wafanye kazi kwa mwenye shamba siku zisizopungua 180 kwa mwaka. Kahawa waliyoipalilia na kuichuma hawakuruhusiwa kuipanda kwenye vishamba vyao. Kuanzia miaka ya ishirini mwanamume alitembea na kipande, kitambulisho cha kazi, shingoni. Machi 1922 watu walipigwa risasi Nairobi wakidai Harry Thuku, mtetezi wa haki za Waafrika, aachiliwe, mwendo wa saa chache tu kutoka kwenye veranda ya Karen. Vita vya Kwanza vya Dunia vimo ndani ya filamu: tunamwona Karen akiongoza magari ya ng'ombe kuwapelekea wazungu mahitaji, mjeledi mkononi, usiku simba wanavamia. Ni onyesho la kusisimua, na alilifanya kweli jambo la namna hiyo. Lakini mamia ya maelfu ya Waafrika waliochukuliwa kubeba mizigo ya vita hivyo, na ambao wengi wao walikufa kwa njaa na magonjwa, hawana hata fremu moja. Mtaa wa Kariokor pale Nairobi ulipata jina kutokana nao, kutoka Carrier Corps, kikosi chao cha wapagazi.

Sidai kwamba filamu ya mapenzi igeuzwe somo la historia. Ningekuwa wa kwanza kuikimbia. Ninachosema ni kwamba Pollack alifanya kama Denys pale mtoni: aliruka mistari aliyoiona inachosha. Kila msimulizi huruka, hakuna anayesema yote. Ila mistari unayoiruka huonyesha unadhani maisha ya nani yana hadithi.

Mfano ulio mzito kuliko yote ni ule wa ndege. Tarehe 14 Mei 1931 ndege ya Finch Hatton, Gipsy Moth, iliruka kutoka Voi, ikaanguka na kuwaka moto. Ndani yake walikuwa wawili. Alikuwemo Denys, na alikuwemo mtumishi wake, Mkikuyu. Wote waliteketea. Katika filamu, Bror anakuja kumpa Karen habari ya kifo, na kifo ni kimoja. Kilima cha mazishi ni kimoja. Udongo usiotupwa ni wa mtu mmoja. Nimewahi kuwaeleza wanafunzi jambo hili baada ya kutazama mazishi yale, wakiwa bado wameguswa, na msichana mmoja wa kidato cha tatu akauliza: "Mwalimu, na huyo mwingine alizikwa wapi?" Sikuwa na jibu la kumpa. Filamu yenye dakika 161 ingeweza kumpa mtu huyo sekunde kumi, jina lake likatajwa na Bror mlangoni, na isingepungukiwa na chochote. Ingeongezeka. Karen angelia vifo viwili, na kauli yake kwamba Denys hakuwa wangu ingesimama karibu na familia nyingine iliyopotelewa na mtu wao.

Kinachonisumbua zaidi ni kwamba Pollack alikuwa na jicho la kuona. Mtazame Farah. Malick Bowens, mwigizaji kutoka Mali, anamwigiza Msomali yule msimamizi wa nyumba kwa utulivu usio wa mtumwa wala wa mcheshi. Bwawa la Karen linapopasuka, baada ya juhudi zote za kuyazuia maji, Karen anaamuru yaachwe yaende, maana kwao ni Mombasa. Fikra hiyo ilikuwa ya Farah. Ndiye aliyemwambia mapema kwamba maji haya lazima yarudi kwao Mombasa. Ndani ya sentensi moja, mtu wa nchi kavu anamfundisha mlowezi habari ya kumiliki, tena kwa uhakika kuliko mahubiri yote ya Denys. Chifu Kinanjui anaposema watoto waliozidi kimo fulani wasifundishwe kusoma, na Karen akataka kumpinga, Farah anamkumbusha tu: huyu ni chifu, wewe si chifu.

Halafu kuna kule kuagana. Karen ameuza kila kitu. Mapema katika filamu alikuwa amemvisha Juma, mtumishi wa nyumbani, glavu nyeupe ili aandae meza kama Ulaya; sasa anamvua, akikiri kwamba halikuwa wazo zuri. Na kwa Farah anakumbuka jinsi safarini alivyokuwa akimtuma atangulie, atafute pa kupiga kambi, awashe moto ili yeye auone na kuufuata. Safari hii, anamwambia, nitatangulia mimi, nikungoje. Farah anauliza kama ni mbali anakokwenda. Ni mbali. Basi lazima uwashe moto mkubwa sana, anamwambia, ili niweze kukupata. Nilishaona watu wazima wakifuta macho hapo, na mimi mmoja wao. Hayo ni mapenzi pia, ya aina ambayo hayana jina la rahisi, na mwelekezi ameyaonyesha kwa heshima yote. Kwa hiyo sikubali hoja ya wasomaji wanaosema kwamba mgeni hangeweza kutuona. Alituona. Alimwona Farah. Alichokosa ni kumfuata Farah nyumbani kwake. Kwa saa zote hizo mbili na zaidi, Farah yupo pale tu Karen alipo. Mke wake, watoto wake, hofu zake za kubaki bila kazi baada ya 1931, havimo. Kwa istilahi za darasani, ni mhusika duara, mwenye undani wa mtu halisi, aliyefungiwa katika chumba cha mhusika bapa, asiye na undani huo.

Naungana pia na waliosikitika juu ya Kanuthia, mfuasi wa Denys. Aliyemwigiza ni Job Seda, ambaye baadaye ulimwengu ulikuja kumjua kwa jina la Ayub Ogada, mpiga nyatiti na mwimbaji wa Kothbiro. Sauti iliyokuja kuwaliza watu katika mabara yote ilipewa maneno ya kuhesabu. Mwelekezi hangeweza kujua atakuwa nani, hilo nakubali. Lakini mswada wenyewe haukuwa umemtengea mahali pa kusema, awe nani awe nani.

Na onyesho la kupiga magoti. Karen, akiwa amefilisika, anakwenda kwenye karamu ya kumpokea gavana mpya, anampigia magoti mbele ya watu akiomba Wakikuyu wa shamba lake wapewe mahali pa kukaa pamoja. (Wenzangu wa Nairobi wajue kwamba karamu hiyo ilipigwa picha katika Shule ya Nairobi.) Ni kweli Karen alipigania jambo hilo, na mwishowe watu wale walipewa sehemu ya msitu wa Dagoretti. Namheshimu kwa hilo. Ila angalia lilivyopangwa. Aibu ni ya Karen, ujasiri ni wa Karen, anayeingilia kati aachwe amalize ni Denys, anayetoa ahadi ni mke wa gavana. Watu ambao makazi yao yanajadiliwa hawamo kwenye mazungumzo. Hakuna Mkikuyu anayefungua kinywa. Wazee waliokwenda na kurudi ofisini kwa bwana shauri, afisa wa serikali ya kikoloni, waliouliza kwa nini hawaruhusiwi kununua kipande cha ardhi waliyozaliwa, walikuwepo katika historia. Pollack angeweza kumweka mzee mmoja pale getini akingoja jibu, kamera ikamtazama kabla ya kumfuata Karen ndani. Swali lake la umiliki lingekamilika bila hotuba.

Kuna msomaji aliyeandika kwamba wakati ule hakukuwa na masimulizi ya upande wa pili, kwa hiyo tusimlaumu mwelekezi. Hilo si kweli. Kamante Gatura, yule mvulana mwenye kidonda mguuni aliyekuja kuwa mpishi wa Karen, aliishi hadi uzeeni, na masimulizi yake yalikusanywa na Peter Beard yakachapishwa kama kitabu mwaka 1975, miaka kumi kabla ya filamu. Soma majina ya vyanzo mwanzoni mwa filamu: Dinesen yupo, Thurman yupo, Trzebinski yupo. Kamante hayupo. Yumo ndani ya hadithi kama mtoto mwenye kiburi kitamu, anayekataa hospitali hadi atanguliziwe hoja ya heshima, lakini kama shahidi aliyekuwepo jikoni, mezani na siku ya kuondoka, hakuitwa. Na kabla kamera hazijawashwa, Ngũgĩ wa Thiong'o alikwisha kukikemea kitabu cha Karen hadharani, huko huko Denmark. Sauti zilikuwepo. Mtu alihitaji tu kugeuza sikio.

Ndiyo maana nawasihi vijana wetu wanaotengeneza filamu wasiitazame kazi hii kwa dharau. Najua wapo wanaopanga filamu za maisha ya watu wetu, pamoja na mapenzi yao, na hilo linanifurahisha sana. Wamwibie Pollack yote yanayoibika. Wachague swali moja na walishikilie. Wawaache waigizaji wanyamaze. Watafute mistari ya kaburini na waitie vinywani mwa walio hai. Wasogeze moto wa 1923 hadi 1931 ikibidi. Kisha, wakifika mahali ambapo wanasikia hamu ya kuruka kwa kuwa panachosha, pale panapohusu mpishi, mchukuzi, mke wa msimamizi, abiria wa pili wa ndege, wasimame hapo hapo na waulize kuna nani. Filamu ya mapenzi ya Kamante haijatengenezwa. Naye aliwahi kuwa kijana, akaoa, akazeeka akiutazama mlima ule ule.

Kwako wewe Mhariri nina maombi mawili. La kwanza, ukurasa wako wa burudani umejaa nani ameachana na nani. Tafadhali tenga hata nusu safu kwa wiki kwa uhakiki wa filamu kwa Kiswahili, ulioandikwa na watu wanaojua kuhakiki. Tunao wengi, walimu na wanafunzi wa vyuo, ambao wanahakiki riwaya kila siku na hakuna anayewaomba waguse filamu. La pili ni dogo. Masimulizi ya Kamante sijayaona kwenye maduka ya vitabu ya huku kwetu. Ikiwa kuna msomaji anayejua maktaba ya umma yenye nakala, aandike kupitia ukurasa huu, kwa kuwa wapo vijana wa Ngong walioniomba na sina mahali pa kuwaelekeza.

Wako,
Mwalimu mstaafu,
Ngong